Kama kwenye neva kuna umeme, mbona hatupigwi shoti? (Uzi mrefu, karibuni wote)

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa kidato cha tatu nafundisha namna mwili unavyoratibu kazi zake. Nikasema, kama ninavyosema kila mwaka, kwamba neva hupeleka ujumbe kwa umeme. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida huamka kipindi kikiisha, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ndani kuna umeme, na sisi tumejaa maji ya chumvi, mbona hatupigwi shoti?" Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nao, nikasema "swali zuri, tutalirudia". Walimu wenzangu humu wanajua maana ya maneno hayo.

Basi nimelirudia nyumbani, siku nne mfululizo, na nimegundua kwamba mada hii nimeifundisha miaka kumi na moja kwa kukariri. Nilichokipata nakimwaga hapa, mnisahihishe kabla sijarudi darasani.

Njia iliyonisaidia ni sumu. Fundi wa redio wa zamani alikuwa anaijua redio kwa kuchomoa waya mmoja na kusikiliza nini kimenyamaza. Wanasayansi wa neva wamefanya hivyo hivyo kwa karibu miaka mia mbili, na waya wao wamechomoa kwa sumu. Kinachofurahisha ni kwamba sumu nyingi kati ya hizo ziko hapa hapa kwetu: baharini, kwenye minazi, hata porini kwa wawindaji.

Tuanze na betri. Kila seli ya neva, nitaiita niuroni, imezungukwa na utando wa mafuta. Nje ya utando kuna sodiamu nyingi, ile ile ya chumvi ya mezani. Ndani kuna potasiamu nyingi. Hali hii haiji bure: kwenye utando kuna pampu ndogo ndogo, na kila moja ikizunguka mara moja inatoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Zinapiga kazi hata ukiwa umelala. Ubongo wa binadamu ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliotulia, na sehemu kubwa ya bili hiyo ni ya kurudisha chumvi mahali pake. Potasiamu nayo huvuja kidogo kwenda nje, ikiacha ndani pakiwa hasi kwa kama milivolti 70. Betri ndiyo hiyo.

Pampu hii aliibaini Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, akitumia neva za miguu ya kaa. Na sumu inayoizima mnaijua: ni ile ya msunguti, mti ambao Wakamba na Wawaata walichemsha magome yake wakapaka kwenye mishale ya kuwindia tembo. Kiini chake kinaitwa ouabaini, jina lililotokana na Kisomali. Ukiitia kwenye neva, pampu inasimama, betri inaisha chaji polepole, neva inanyamaza. Tembo anaanguka kwa sababu neva zake zimezimika.

Ujumbe wenyewe nitauleta baadaye, nina daftari za kusahihisha.

Kibonge

Nimekaa. Nani ana karanga?

Fundi Waya

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni wa nyaya, miaka kumi na tisa juu ya nguzo, na hapa una matatizo mawili.

La kwanza, milivolti 70 ni nini? Betri ya rimoti ni volti moja na nusu. Huo wako siyo umeme, ni harufu ya umeme. La pili, umeme wa kweli ukiuwasha Ubungo taa ya Kibaha inawaka hujashusha kidole. Nilisoma mahali kwamba neva inapeleka ujumbe mita mia kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya gari la mashindano. Sasa umeme gani huo unaokwenda kwa gari?

Mwalimu wa Zamu

Fundi, umenigusa pale pale nilipokesha.

Milivolti 70 ni kidogo, sawa. Lakini angalia imekaa kwenye unene gani. Utando ule una unene wa nanomita (sehemu ya milioni ya milimita) chache tu, tuseme 7. Gawanya mwenyewe: ni kama volti milioni 10 kwa kila mita. Hewa ya kawaida inapasuka na kutoa cheche kwenye kama milioni 3. Kwa hiyo milango ya kupitishia sodiamu na potasiamu iliyopachikwa kwenye utando inakaa ndani ya mkazo wa umeme mkubwa kuliko unaopasua hewa, ila mkazo huo unaishia hapo hapo kwenye utando. Nje ya seli hauuoni. Ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu la yule kijana.

Kuhusu kasi, una haki kabisa, na wakubwa walibishana juu ya hilo. Mjerumani Johannes Müller aliona kasi ya neva haiwezekani kupimwa. Mwanafunzi wake Hermann von Helmholtz akaipima mwaka 1850 kwenye neva ya mguu wa chura, akapata karibu mita 27 kwa sekunde. Watu walishangaa kwamba ni ndogo hivyo. Sababu ni kwamba hakuna kitu kinachokimbia kutoka mwanzo hadi mwisho wa neva kama kwenye waya wako. Fikiria moto wa nyasi kavu. Hakuna jani linalosafiri. Jani moja linawaka, joto lake linawasha la jirani, na hilo la jirani yake. Kwenye neva, mlango wa sodiamu unafunguka, sodiamu inamiminika ndani, pale ndani panageuka kutoka hasi kuwa chanya, na mgeuko huo unafungua milango ya pembeni. Chini ya milisekunde moja baadaye milango ya sodiamu inajifunga, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, hali inarudi. Na kama moto, haurudi nyuma kwa sababu nyuma pameshaungua: milango iliyotoka kufunguka inahitaji kupumzika kidogo kabla ya kufunguka tena.

Ndiyo maana pia ujumbe haufifii njiani. Waya wako mrefu unapoteza volti, wewe unajua. Moto wa nyasi ukifika mwisho wa shamba ni moto ule ule.

Fundi Waya

Hiyo ya kushuka kwa volti nimekuelewa. Kwa hiyo kila hatua ina jenereta yake.

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo. Ungeandika wewe kitabu cha kidato cha tatu.

Mvuvi Mstaafu

Wanangu, mimi sikusoma haya ila nimekaa baharini tangu utoto. Pweza ukimkata mkono, ule mkono unaendelea kushika. Utanata kwenye chombo, utanata mkononi, na mwenyewe keshakufa. Ngisi naye akishtuka anajirusha nyuma kwa kishindo kabla hujaona kilichomshtua. Hivi mmewatazama hawa?

Mwalimu wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Tumewatazama kuliko wote! Ngisi ndiye aliyetupa jibu.

Neva nyingi ni nyembamba mno, huwezi kuingiza chombo ndani. Mwaka 1936 Mwingereza J. Z. Young akaeleza kwamba ngisi ana aksoni, yaani uzi mrefu wa niuroni, wenye unene unaofika hadi milimita moja. Unauona kwa macho. Kazi yake ni hiyo hiyo uliyoisema, kujirusha nyuma: amri inatakiwa ifike kwenye misuli yote ya kifuko chake haraka, na uzi mnene unapeleka haraka zaidi. Mwaka 1939 vijana wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, wakiwa kwenye maabara ya bahari ya Plymouth, wakaingiza waya mwembamba ndani ya uzi ule na kuona mgeuko wa umeme kutoka ndani. Wiki chache baadaye vita vikaanza, wakaacha. Walirudi baada ya vita, na mwaka 1952 wakatoa hesabu kamili ya milango ya sodiamu na potasiamu. Kompyuta ya Cambridge ilikuwa haipatikani wakati ule, kwa hiyo Huxley alipiga hesabu zote kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Nobel waliipata 1963.

Huyo pweza, mzee, ana niuroni kama milioni 500, na zaidi ya nusu yake hazipo kichwani, zipo mikononi. Mkono uliokatwa una akili yake yenyewe ya kutosha kushika.

Nesi wa Usiku

Nimesoma kimya, sasa naingilia. Mwalimu, kwenye msunguti umeteleza. Ouabaini inazima pampu, ni kweli, lakini tembo hafi kwa neva. Anakufa kwa moyo. Pampu ikisimama, sodiamu inajaa kwenye seli za moyo, kalisiamu nayo inabaki ndani, mapigo yanavurugika na moyo unasimama. Wodini tunatumia ndugu wa sumu hiyo, digoksini, kwa wagonjwa wa moyo, na inafanya kazi kwenye pampu ile ile. Dozi kidogo ni dawa, ukizidisha ni mshale wa Mkamba.

Neva inaishi muda mrefu kidogo hata pampu ikizimwa, kwa sababu betri imeshachajiwa. Moto wa nyasi wa mara moja hautumii sodiamu nyingi.

Mwalimu wa Zamu

Nimekubali, dada. Nimefuta kwenye maandalio yangu: tembo anaanguka kwa moyo.

Mvuvi Mstaafu

Marahaba, mwalimu, nilikuwa naswali. Kama ni sumu, mbona hamjamtaja bunju?

Mwalimu wa Zamu

Nilikuwa namwekea akiba, mzee. Kwa msiomjua, bunju ni yule samaki anayejijaza akawa kama mpira. Kwenye maini na mayai yake kuna tetrodotoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake, wakitumia neva ya kamba koche, walionyesha kwamba sumu hii inaziba mlango wa sodiamu peke yake. Potasiamu inapita kama kawaida. Huo ndio waya uliochomolewa kwa usafi kuliko wote: ukapata ushahidi kwamba milango ya sodiamu na ya potasiamu ni vitu viwili tofauti, jambo ambalo Hodgkin na Huxley walikuwa wamelikisia kwa hesabu tu.

Aliyekula anaanza kusikia midomo na ulimi vikiwasha na kufa ganzi, kisha mikono, kisha hawezi kusimama, kisha pumzi. Hakuna dawa ya kuiondoa. Kinachookoa ni hospitali yenye mashine ya kumpumulia mpaka sumu itoke yenyewe.

Nesi wa Usiku

Na niongeze kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa: sumu hii haiingii vizuri kwenye ubongo. Mtu amelala haoneshi dalili ya uhai, macho hayachezi, lakini anaweza kuwa anasikia kila neno. Chungeni mnachosema kitandani.

Kibonge

Hii ya mwisho nimepoteza hamu ya karanga.

Binti Ujiji

Mmesahau ziwa. Huku Kigoma tuna kambare ukimshika anakupiga shoti ya kweli, jembe linaanguka. Nimepigwa nikiwa mdogo nikidhani nimelogwa. Sasa mwalimu anasema neva hazipigi shoti, huyu je?

Mwalimu wa Zamu

Binti Ujiji, umeleta nusu nyingine ya jibu la yule kijana na sikuwa nayo.

Fundi, hii ni yako. Ukiwa na betri dhaifu mia kadhaa na unataka volti nyingi unafanyaje?

Fundi Waya

Unaunga mfululizo. Chanya kwa hasi, chanya kwa hasi. Ukizitawanya ovyo kila moja inatazama upande wake, hupati kitu.

Mwalimu wa Zamu

Kambare huyo amefanya hivyo hivyo. Seli zake za umeme zimepangwa kwa safu, zote zinatazama upande mmoja, na zinafyatuka kwa wakati mmoja. Jamii yake inaweza kufikisha kama volti 350. Na sikilizeni hili: kila kiungo cha umeme, cha kushoto na cha kulia, kinaamrishwa na niuroni moja tu kubwa. Moja! Niuroni mbili zinaamua kama Binti Ujiji atashika jembe au atalidondosha.

Sisi niuroni zetu zimetazama kila upande na kila moja inafyatuka kwa saa yake. Kijumla tunakuwa na kiasi kidogo tu kinachovuja hadi ngozi ya kichwa, kinachopimwa kwa sehemu za milioni za volti moja, na ndicho kinachosomwa na mashine ya mawimbi ya ubongo. Kijana wa dawati la nyuma anajibiwa na kambare.

Mzee wa Hoja

Nimefuatilia. Mmeeleza vizuri waya na betri. Lakini nyaya hazifikiri. Kama kila niuroni inafyatua moto ule ule usiofifia, basi ujumbe wote ni mmoja. Mguso wa mama na kuungua kwa moto ni moto ule ule wa nyasi. Ubongo unazitofautishaje? Na hizo niuroni zinaongeaje, kwani zimeungana?

Mwalimu wa Zamu

Mzee, maswali matatu kwa mpigo. Nitayajibu kwa vipande.

La kutofautisha: kwanza, inategemea ni uzi upi uliofyatuka na unaishia wapi. Kandamiza jicho lako lililofumba taratibu utaona mwanga, wakati mwanga hakuna. Uzi wa jicho unasema "mwanga" hata ukiguswa kwa kidole. Pili, nguvu ya kitu inapimwa kwa idadi ya mafyatuko kwa sekunde, ukubwa wa kila fyatuko haubadiliki. Edgar Adrian alionyesha hivyo miaka ya 1920 kwa kutundika vizito kwenye msuli wa chura: uzito ukiongezeka, mafyatuko yanakimbizana zaidi. Tatu, nyuzi hazilingani kasi. Zilizozungushiwa mailini, mafuta yanayofanya kazi ya mpira wa waya, zinaweza kupita mita 100 kwa sekunde. Nyembamba zisizo na mafuta zinakwenda kama mita moja. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda usiku, unapata maumivu makali ya papo hapo, halafu sekunde moja au zaidi baadaye yanakuja yale ya kuunguza, ya kukutoa matusi. Ni pigo moja, barua mbili, moja imekuja kwa ndege nyingine kwa miguu.

La kuungana: hilo liligombanisha watu wawili wakapewa Nobel moja. Camillo Golgi wa Italia alibuni mwaka 1873 rangi ya fedha inayotia weusi seli chache tu kati ya maelfu, zikaonekana nzima. Yeye akaamini zote zimeungana kama wavu. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akachukua rangi ile ile, akachora kuanzia 1888 akisema hapana, kila niuroni ni kiumbe kivyake, zinakaribiana bila kuungana. Mwaka 1906 wakapewa zawadi pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake ya kupokea zawadi kumpinga mwenzake aliyekaa pale pale. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi, ingawa baadaye ilikuja kuonekana kwamba zipo niuroni chache zinazopitishiana umeme moja kwa moja.

Basi kama kuna mwanya, na mwanya upo, wa kama nanomita 20, unavukwaje? Mwaka 1921 huko Graz, Austria, Otto Loewi aliamka usiku na wazo, akaliandika kwenye karatasi, akalala. Asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata wazo likarudi saa tisa, safari hii hakuandika, alikwenda maabara. Akachukua mioyo miwili ya vyura. Wa kwanza ulikuwa na neva yake inayopunguza mapigo. Akaisisimua, moyo ukapunguza kasi. Akachota maji uliyolowekwa moyo huo, akayamimina kwenye moyo wa pili usio na neva. Nao ukapunguza kasi. Kilichovuka mwanya hakikuwa umeme, kilikuwa kitu kinachochoteka kwa kijiko. Leo tunakiita asetilikolini.

Kwa hiyo umeme unafika ukingoni, kalisiamu inaingia, vifuko vidogo vinapasukia mwanyani, kila kimoja na maelfu ya molekyuli, na upande wa pili kuna vipokezi vinavyozisubiri. Kisha kimeng'enya kinazikatakata ili mwanya uwe safi kwa ujumbe unaofuata.

Nesi wa Usiku

Hapo kwenye mwanya ndipo kazi yangu ilipo. Mkulima akipulizia dawa za kuulia wadudu za jamii ya oganofosfeti bila kinga, analetwa akitokwa mate na jasho, mboni zimekuwa kama tundu la sindano, misuli inacheza. Dawa imezima hicho kimeng'enya, asetilikolini haiondoki, kila kitu kimekwama kwenye "fanya". Tunampa atropini.

Yule nyoka wa kijani wa kwenye minazi na miembe ya pwani, ndugu wa koboko, ana sumu inayozima kimeng'enya hicho hicho, na nyingine inayoziba milango ya potasiamu ili fyatuko lichelewe kuisha na vifuko vizidi kupasuka. Swila na jamaa zake wana sumu ya kinyume, inayokalia kipokezi: ujumbe unafika na hauna pa kupokelewa, kope zinaanguka, pumzi inakata.

Lakini mimi ningependa mzee wa Hoja aangalie pepopunda, kwa sababu inajibu swali lake kuliko nyoka. Kidudu kinakaa kwenye kidonda. Sumu yake inapanda kwenye uzi wa neva kurudi nyuma mpaka uti wa mgongo, na huko haigusi niuroni zinazosema "kaza". Inakata kamba za kufungulia vifuko kwenye niuroni zinazosema "usikaze". Matokeo yake taya linafunga, mgongo unapinda kama upinde, mlango ukigongwa tu mwili mzima unakakamaa. Mtu anadhani misuli imepewa nguvu ya shetani. Hakuna aliyeipa nguvu, wameondoka tu waliokuwa wanaizuia.

Sumu ya nduguye, ile ya vyakula vya kopo vilivyoharibika, inakata kamba za aina ile ile lakini huku kwenye msuli. Huyo analegea kama kitambaa. Mkasi mmoja, mahali tofauti, magonjwa kinyume. Na akina mama wajawazito, ile chanjo ya pepopunda msiikimbie, kitovu cha mtoto ni kidonda.

Mzee wa Hoja

Binti, hili la "usikaze" sikuwahi kulifikiria. Kwa hiyo hata nikikaa tu kuna kazi kubwa ya kuzuia inaendelea.

Mwalimu wa Zamu

Nadhani hapo ndipo kufikiri kunapoanzia, mzee. Niuroni moja kubwa ya ubongo wa nyuma inaweza kupokea sinapsi, yaani maungio ya mwanya kama yale ya Loewi, zaidi ya laki moja. Nyingi zinasukuma kidogo kuelekea chanya, sehemu ndogo ya milivolti kila moja, nyingine zinavuta kurudi hasi. Ni kikao cha ukoo kuhusu mahari: wapo wa ndiyo, wapo wa hapana, na aliyekaa karibu na mwenyekiti anasikika kuliko aliye mlangoni. Sinapsi nyingi za kuzuia zimekaa karibu kabisa na mwili wa niuroni. Jumla ikifika karibu milivolti 55 hasi kutoka zile 70, niuroni inafyatua. Isipofika, inanyamaza, na hakuna atakayejua kwamba kikao kilikaa. Degedege na kifafa ni pale wengi wanapopiga kelele pamoja na wa kuzuia wamezidiwa. Daizepamu inayotolewa hospitali inawaongezea sauti wale wa hapana.

Mfano mmoja wa hesabu inayofanywa hivyo, kisha nikalale. Bundi mwenye uso mweupe kama sahani, anayekaa kwenye dari za majengo ya zamani, anakamata panya kwenye giza totoro kwa masikio. Sauti ya panya aliye kushoto inafika sikio la kushoto mapema kidogo, kwa bundi ni chini ya milisekunde moja kwa mbali sana. Niuroni hazina saa. Wanafanyaje? Lloyd Jeffress alikisia mwaka 1948 na Catherine Carr na Masakazu Konishi wakaiona kwa bundi mwishoni mwa miaka ya 1980: nyuzi kutoka masikio mawili zinakuja kutoka pande mbili na kupita kwenye safu ya niuroni. Kila niuroni inafyatua sana pale tu ujumbe wa kushoto na wa kulia ukifika kwa pamoja. Sauti iliyotangulia kushoto imeshasafiri mbali zaidi kwenye safu kabla ya kukutana na mwenzake, kwa hiyo wanakutana kwa niuroni ya upande wa pili, wa kulia. Mahali walipokutana ndiyo jibu la panya yuko wapi. Urefu wa uzi umegeuka saa. (Kwa mamalia kama sisi mpangilio unaonekana kuwa tofauti na wataalamu bado wanavutana, msinibebeshe.)

Kibonge

Swali la kijinga: tembo ana niuroni nyingi kuliko sisi? Maana kichwa kile.

Mwalimu wa Zamu

Siyo la kijinga. Tembo wa Afrika ana kama bilioni 257, sisi kama bilioni 86. Lakini karibu asilimia 98 za kwake ziko kwenye ubongo wa nyuma, sehemu inayoratibu mwendo. Kwenye gamba la juu ana kama bilioni 5.6, sisi bilioni 16. Kuuendesha mkonga si mchezo.

Mvuvi Mstaafu

Mwalimu, kabla hujalala. Huyo bunju mwenyewe ana neva. Sumu imo tumboni mwake siku zote. Mbona hafi?

Mwalimu wa Zamu

Mzee, nimewasha taa tena.

Mlango wake wa sodiamu ni tofauti kidogo. Mlango ni protini, mnyororo mrefu wa asidi amino, na pale sumu inapokaa, bunju amebadilishiwa asidi amino moja. Sodiamu inapita kama kawaida, sumu haishiki. Na sumu yenyewe haitengenezi yeye, inatoka kwa bakteria anaowapata kwenye chakula.

Ile sindano ya ganzi ya kung'olea jino nayo inaziba mlango huo huo wa sodiamu, ila kwa upande wa ndani, na inaachia baada ya saa chache.

Mvuvi Mstaafu

Kwa hiyo mganga wa meno ananitia bunju kidogo.

Nesi wa Usiku

Babu, usimwambie hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti chake.

Mwalimu wa Zamu

Taarifa ya Jumatatu: nimerudi darasani na kambare wa Binti Ujiji na betri nane za rimoti za Fundi Waya zilizoungwa kwa gundi ya karatasi. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama niuroni za kambare hazimpigi kambare mwenyewe shoti. Nimemwambia tutalirudia.